Mkono Kwanza, Ndipo Kiuno

Mama yetu mpendwa, fundi cherehani ambaye wengi mlimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akajifunza kushona kwa shangazi yake, aliyemfumulisha kola moja mara nne mpaka ikakaa.

Mwaka 1984 alifungua duka nyuma ya kituo cha mafuta. Huko baba yetu, fundi bomba, alileta suruali ipunguzwe, kisha akawa anairudisha kila wiki bila kasoro yoyote. "Suruali ilishapona," mama alimwambia. "Mgonjwa ni wewe." Walioana tarehe 14 Septemba 1985.

Alipogundulika kuwa na presha, alimeza vidonge hadi akajisikia mzima, akaviacha kwa miaka. Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2009, akiwa kwenye cherehani, kichwa kilimgonga, macho yakaingia ukungu, maneno yakaanza kumpotea. Baba alitaka kummezesha vidonge vitatu vya presha kwa mpigo. Mama alifumba mdomo, akaonyesha mlango. Hospitalini presha ilisoma 230 kwa 130. Daktari alimtundikia dawa ya mshipani, akaishusha taratibu. "Ikianguka ghafla, ubongo unakosa damu," alimwambia baba. "Vile vitatu vingeweza kummaliza."

Tangu hapo hakuacha dawa, na dukani hakuna aliyepimwa gauni kabla ya kupimwa presha. Ikisoma juu, mtu alipumzishwa kwenye kiti, akapimwa tena. Ikibaki juu, na kifua kinauma, au macho hayaoni vizuri, au upande mmoja umelegea, mama aliita gari, nguo ilingoja. Ni wifi yake pekee aliyemshinda.

"Unanitafutia ugonjwa, wifi."

"Ugonjwa ndio unaotutafuta. Leta mkono."

Hakuuleta.

Miaka ile ya kuacha dawa ilikuwa imeuchosha moyo wake. Alifariki hospitalini tarehe 21 Oktoba 2023, sote tukiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na wifi huyo mmoja. Mashine yake ya kupimia presha iko mezani, karibu na mlango. Aliagiza leo asile mtu kabla ya kupimwa, na foleni ianze na wifi. Gauni alilovaa wifi leo, mama alimshonea mwezi uliopita, akaacha mkono mpana, ukunjike bila taabu.

Lala salama, Mama. Foleni tutaisimamia sisi.