Gari la Hamdam na Breki Zisizoombwa

Benchi letu lipo mbele ya banda langu la kuziba pancha, hapa Kokandi, barabara ya kwenda mlimani. Birika la chai ya kijani halishuki motoni mpaka adhuhuri. Bakuli zipo tatu na watu tupo wanne, kwa hiyo daima kuna mmoja anayeongea huku wenzake wanakunywa. Wa kwanza ni Soyib, tunamwita Rada, maana habari ya mtaa huu haijawahi kumpita. Wa pili ni Ergash Methali, kinyozi, mwenye methali chungu nzima na hata moja hajawahi kuiweka mahali pake. Wa tatu Hamdam, aliyeendesha lori la matikiti mpaka goti la kulia likamwambia basi. Mwaka huu mwanawe Otabek, anayefanya kazi kiwandani Korea, alimnunulia gari jipya, lile linaloshika mwendo lenyewe: unaliwekea kasi, unaondoa mguu, linamfuata wa mbele, akipunguza nalo linapunguza. Hamdam alikuwa halishuki. Lakini Alhamisi hiyo alikuja kwa miguu, anachechemea.

— Gari liko wapi? akauliza Rada, na anajua fika.

— Limelala.

— Na shemeji Saodat?

— Kaamka. Ila hasemi na mimi.

Nikampa bakuli. Akainywa yote ndipo akasimulia.

— Jana tulikuwa tunatoka Tashkent, kumwona mjukuu, mtoto wa binti yetu. Mlima tumeshaumaliza, barabara nyeupe, mbele hakuna hata kuku. Mara gari likajifunga breki. Breki kweli kweli, kama kuna mtu kalala barabarani. Mkanda ukamkaba Saodat, mfuko wa mikate ukaruka mpaka kwenye kioo.

— Na nyuma? nikauliza.

— Nyuma lori la vitunguu. Mungu ambariki yule kijana, alilitupa pembeni. Hatukuguswa. Lakini vitunguu vikamwagika, tukaviokota sote watatu, hatusemezani. Tulipomaliza, Saodat akamuuliza kijana, mwanangu, unapita Kokandi? Akapanda lori.

— Akakuacha njiani?

— Na gari langu jipya.

Rada alitaka kucheka, akaitazama sura ya rafiki yake, akaficha mdomo kwenye bakuli.

— Si mara ya kwanza, Hamdam akaendelea. Hii ya tatu. Na kesho kutwa tunapeleka susu, kile kitanda cha kubembezea mtoto. Saodat anasema susu itapanda teksi, ataipakata mwenyewe, na mimi nikitaka niwafuate nyuma. Bibi na babu wafike kwa wakwe na magari mawili, kama watu waliotalikiana.

Hapo utani ukapungua. Kwetu susu huletwa na wazazi wa mama, tena pamoja, na watu husimama mlangoni kuangalia nani kashuka na nani.

— Kivuli hicho, akasema Rada. Pale pana ule ubao mkubwa unaopita juu ya barabara. Gari limeona kivuli chake, likadhani ukuta.

— Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima. Kivuli cha wapi?

— Basi limekiona cha asubuhi, likakikumbuka.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akasema Ergash.

— Gari lina mama?

— Lina lilikotoka. Sikiliza, Hamdam. Hilo limetengenezwa kwenye nchi ya watu wengi, magari yamebanana kama mbegu za komamanga. Limekulia humo. Sasa wewe unalileta kwenye barabara tupu. Linajiona peke yake, linaingiwa na upweke, linasimama kuwangoja wenzake.

— Ndiyo maana likasimama lori lilipokaribia, nikasema, na mara moja nikajuta kuwasaidia.

— Umeona? Hata fundi anakubali.

Rada hakukubali kushindwa na kinyozi.

— Hapana. Hilo jicho lake la puani, ile kamera, halitazami barabara tu. Linamtazama na abiria. Shemeji akiogopa, linaogopa. Akisema moyoni "tutakufa", linafunga.

— Alikuwa amesinzia.

— Basi alikuwa anaota. Mkeo akiota ng'ombe, gari linamwona ng'ombe.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akamalizia Ergash, akamimina chai.

Hamdam alicheka kidogo, cheko la mtu aliyelala vibaya. Ndipo likaingia lori la vitunguu, limeinama upande mmoja. Akashuka kijana mrefu, mikono imejaa grisi.

— Asalaam alaykum. Tairi limechanwa na mawe ya pembeni, linapungua upepo.

Kisha akamwona Hamdam, naye Hamdam akasimama na goti lake bovu. Sote tukajua ni nani. Nilimwona Ergash analisogeza birika mbali, lisije likarushwa.

— Kijana wangu, akasema Hamdam, tairi hilo ni deni langu mimi.

— Tairi ni la barabara, mzee. Mimi naitwa Mirvali. Mama alifika salama. Njia nzima alikuwa anageuka nyuma kuangalia kama unakuja.

Hamdam akakaa. Mirvali akapewa bakuli, ya nne haipo, kwa hiyo nikampa yangu. Wakamweleza nadharia zote, za upweke na za ndoto. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

— Lakini mzee, mguu wako ulikuwa wapi?

Rada akamtazama Ergash. Ergash akaitafuta methali, kwa mara ya kwanza hakuipata. Nikaenda kulifungua lile tairi, lakini masikio niliyaacha benchini.

— Nilikuwa nimeukunja chini yangu, akasema Hamdam. Kama nipo kwenye kibaraza. Otabek alipolinunua alisema, baba, kitufe hiki ni kwa ajili ya magoti yako, yapumzike. Kila Ijumaa ananipigia, anauliza, baba, unakitumia? Nikikizima nitamwambia nini?

 

Simu Hamdam akaipiga mwenyewe, pale pale, kwa spika. Huko Korea mashine zilikuwa zinanguruma. Alizunguka weee, akaulizia chakula, akaulizia baridi, mwisho akasema habari ya breki na kitufe.

— Baba, zima, Otabek akajibu. Nauliza ili nisikie sauti yako. Cha kuuliza kingine sina.

Hamdam akaiangalia simu kwa muda hata baada ya kukatika.

Jumamosi waliondoka pamoja, susu kiti cha nyuma imefungwa mkanda, Saodat mbele. Jumapili akaja na gari, akaegesha, akakaa.

— Vipi breki? akauliza Rada.

— Gari halikufunga hata mara moja. Saodat ndiye aliyefunga breki njia nzima. Lori hilo, punguza. Kona hiyo, punguza. Mguu wake umekanyaga sakafu mpaka zulia limekunjamana.

— Na wewe?

— Nilipunguza. Goti linawaka moto mpaka sasa.

Akapokea chai, akaipuliza.

— Halafu mara moja, akasema, ng'ombe alikuwepo kweli.