Sebule Moja, Rangi Mbili

Shauri Na. 31 la mwaka 1957: Kuhusu Idadi ya Vyumba katika Sebule Moja, Mtaa wa Ilomba.

Ndivyo ilivyoandikwa juu ya barua aliyokuja nayo Fanueli kijiweni kwa Zubery muuza kahawa, Jumatano alasiri, baridi ya Juni ikiwa imewasogeza watu kwenye jiko la mkaa karibu zaidi kuliko urafiki wao ulivyoruhusu. Bwana afya alikuwa amepita kukagua nyumba, akakuta sebule ya Fanueli nusu bluu, nusu njano, toka sakafuni hadi darini. Akarudi ofisini kutafakari. Rangi mbili, aliandika, ni vyumba viwili, na kila chumba sharti kiwe na dirisha lake. Katika siku saba Fanueli atoboe dirisha la pili, ambalo lingetazama choo cha jirani, au afute rangi moja.

Kufuta hawezi. Baba yake, mzee Lutengano, alikuwa anakuja kesho kutoka Tukuyu, na kwa desturi ya Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake. Mzee angekaa sebuleni. Na Tusekile, mke wa Fanueli, akitoka chumbani kwenda jikoni, hana njia ila hiyohiyo sebule. Ndipo Fanueli akabuni mpaka: bluu ya mzee, njano ya mke. Tusekile aliutazama mpaka huo, akasema kwamba siku baba mkwe atakapomtia machoni, yeye atarudi kwao kijijini Masoko, na Fanueli abaki na rangi zake.

Jailos, dereva wa lori aitwaye Gia Mbili kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiingiza ya tatu, aliona kosa liko kwenye rangi zenyewe.

— Bluu na njano zinaelewana mno. Jicho linavuka bila kusimama. Weka nyekundu na kijani, zile zinagombana. Mzee akifika katikati, shingo inagoma yenyewe. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapa? aliuliza Zubery.

— Unapaka kidogo kidogo, bwana.

Zubery, ambaye babu zake walitoka Bagamoyo na hakuruhusu mtu asahau hilo, alisimulia kwamba nyumbani kwa babu yake palikuwa na chumba cha zambarau na rangi ya chungwa. Mgeni akiingia na malalamiko, anatoka anashukuru. Walipomuuliza kama alikiona kwa macho yake, alijibu kwamba babu hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa.

Fanueli, kwa upole wa mtu aliyebakiwa na siku moja, aliuliza habari ya ofisi: nyekundu na kijani si vyumba viwili vilevile?

— Basi ongeza ya tatu, alisema Gia Mbili. Vyumba vitatu, hiyo si sebule tena, ni hoteli. Hoteli zina bwana afya wake.

Neno hilo lilionekana kuwa na hekima kwa muda wa kikombe kizima.

Alawi fundi cherehani, aliyeshonea barazani hapohapo, akasimamisha mguu.

— Mnahangaika na ukuta, na ukuta hauna kosa. Anayefichwa ni mke. Nitamshonea shemeji gauni la njano, njano ileile, na kilemba chake. Akipita, mzee anaona ukuta tu.

— Na ukuta ukitembea? aliuliza Fanueli.

— Mzee wa miaka sabini akiona ukuta unatembea, Fanueli ndugu yangu, hamwambii mtu.

Fanueli alijiona anakadiria yadi. Alikuwa amefika yadi nne na nusu alipoona wenzake wote wanatazama juu ya bega lake. Mtu alikuwa amesimama nyuma yake, koti limevuka magoti, mkungu wa ndizi begani. Mzee Lutengano alikuwa amepata lori la mapema.

— Ugonile, tata, Fanueli alimwamkia baba yake kwa Kinyakyusa, na kahawa ikamwagikia barua ya serikali.

Mzee akaitikia, akautua mkungu polepole. Ilionekana amesimama pale tangu maneno ya hoteli. Alimtazama Alawi, akayatazama majora ya vitambaa yaliyojaa nyuma yake, akamrudia mwanawe.

— Kwani pazia hakuna?

Zubery akachungulia ndani ya buli. Gia Mbili akakumbuka kwamba lori lake halijatiwa maji. Alawi, aliyekuwa ameshona mapazia ya nusu ya Mbeya, na ya ofisi ya bwana afya yakiwemo, alitafuta uzi ambao haukupotea.

Pazia lilishonwa jioni ileile, jekundu lenye maua meupe, kwa kuwa ndicho kitambaa kilichokuwa na upana wa kutosha. Siku ya saba bwana afya alikuja, akalifunua, akalifunika, akaandika: sebule moja, pazia moja, shauri limefungwa. Mzee Lutengano alikaa siku kumi na moja, hakumwona mkwewe, akarudi Tukuyu.