Injini Niliyoilaza Kwenye Banda la Kuku

Wapendwa, wale wa nyuma kama hamnisikii inueni mkono, nitapaza sauti. Mara mbili mmeniomba nisimame hapa mbele ya kanisa na mara mbili nimekataa. Leo nimekubali kwa sababu kuna jambo nililofanya ambalo wengi wenu mlilisikia nusu nusu sokoni. Nataka mlisikie lote, kutoka kwa mdomo wangu.

Mnajua mzee wangu, baba watoto, alikuwa mtu wa mashua hapa Naivasha. Alivusha watu kwenda upande wa Ndabibi, na wageni wakija anawapeleka kuona viboko. Mashua ndogo, injini moja ya nyuma, ile ya kuvuta kamba. Asubuhi moja akivaa viatu, stroki ikampiga. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakaisha. Mtu aliyekuwa akipiga hadithi mpaka chai inapoa, akabaki na "aa" tu.

Niliacha kazi ya shamba la maua nikae naye. Ile injini nikamwomba mtu wa boda aniletee nyumbani. Nikailaza chali kwenye banda la kuku juu ya gunia, petroli ikiwa bado ndani, nikaifunga na nailoni, nikakaza kamba. Nilidhani nimeitunza! Ndugu zangu, nawaambia, hata mtoto ukimlaza hivyo ataugua.

Ikakaa hapo miezi tisa. Halafu nikaona watoto wameanza kuniangalia usoni kwanza, kabla ya kuuliza kama kuna chakula. Nikasema basi, narudisha mashua ziwani mwenyewe. Kuendesha nilijua, mzee alinifundisha tulipooana tu. Kutunza injini sikujua hata kidogo. Nikamwaga petroli mpya juu ya ile ya zamani, nikavuta kamba mpaka bega likauma. Ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikawaka.

Nilipata abiria wawili wa Ndabibi: mzee mmoja mwenye gunia la miche ya sukuma wiki, na mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Huyo mama alisimama ufuoni, mguu mmoja ndani ya mashua, akaniuliza, "Mathe, hii injini iko sawa? Naona imekaa sana."

Nikamjibu, "Iko sawa. Mzee wangu ameikagua mwenyewe."

Mzee wangu ambaye hakuweza kutaja hata jina lake. Niliusema uongo huo bila hata kumeza mate.

Sasa ngoja niwaeleze kitu. Injini ya mashua hupozwa na maji ya ziwa. Inayavuta kwa chini, inayatoa nyuma kama mchirizi mwembamba. Sisi pale ufuoni tunasema inakojoa. (Mcheke tu, ndivyo inavyoitwa.) Siku hiyo haikukojoa. Niliona kabisa kwamba haikojoi. Sikujua maana yake, na kuuliza wale wanaume wenye mashua niliona aibu.

Saa nane mchana, katikati ya ziwa, upepo ukaanza. Injini ikalia kama kitu kinachochinjwa, nikasikia harufu ya kuungua, ikazima. Nikavuta kamba, ikawa ngumu, haivutiki. Upepo ukatusukuma mpaka ndani ya magugu maji, na huko, si mnajua ni nani anaishi huko. Tulisikia kiboko akipumua kabla hatujamwona.

Jaketi za kuokolea zilikuwa mbili na sisi tulikuwa wanne. Yule mama alivaa moja, akamfunga mtoto kifuani na leso juu ya jaketi. Hakupiga kelele. Aliniambia polepole, "Mathe, mimi sijui kuogelea."

"Hata mimi," nikamwambia.

Yule mzee alishika kasia, akatutoa kwenye magugu kidogo kidogo, huku akiomba kwa sauti. Zaidi ya masaa mawili. Mashua ya wavuvi ndiyo ilituona, ikatuvuta. Tulipofika ufuoni mwenyekiti wa wenye mashua wa pale alinisubiri mpaka kila mtu ashuke, kisha akasema, "Mama, pole kwa yaliyokupata. Lakini hii injini usilete hapa tena." Alikuwa na haki.

Nilifika nyumbani nikamfokea mgonjwa. Eeh, hilo nalo nimekuja kulisema. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Umeniachia chuma na hukunifundisha kitu!" Machozi yakamtoka. Baada ya hapo sikuja kanisani miezi mitatu. Mlipobisha hodi nilinyamaza ndani.

Siku moja nilikuwa namlisha uji. Akakataa. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani. Nikamuuliza, "Unataka jua?" Akagonga kitanda mara mbili. Kwetu mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. "Unataka kuku?" Mara mbili, kwa hasira. Nikafuata kidole chake kwa macho mpaka kwenye banda. Halafu nikauliza, "Injini?"

Akagonga mara moja, kijiko kikaanguka.

Niliiburuta mpaka chumbani. Nikaisimamisha kwenye ubao, nikafungua kifuniko, nikaleta kisanduku chake cha spana. Nikawa nagusa kitu kimoja kimoja, na yeye anagonga. Hii nifungue? Mara moja. Hii? Mara mbili. Siku ya kwanza tulitoa plagi tu. Siku ya tatu tulifungua kabureta, nikakuta petroli ya zamani imeganda ndani kama gundi ya rangi ya chai. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yalikuwa yameingia. Kamba ilikubali kuvutika, Mungu ni mwema, pistoni haikuwa imekwama.

Kisha akaonyesha pale chini, juu ya propela. Nikafungua. Kulikuwa na kijigurudumu cha mpira chenye mabawa, ndicho kinachovuta maji. Mabawa yalikuwa yamekauka na kujikunja, mawili yamekatika. Nikakiinua, nikamuuliza, "Na hiki kinaitwaje?"

Akahangaika na mdomo. Shingo ikasimama mishipa. Akasema, "Ra-ba."

Wapendwa, miezi kumi na tatu sikuwa nimesikia neno kutoka kwake. Wengine mngetaka lingekuwa jina langu. Ilikuwa raba. Nililia na kucheka mpaka majirani wakaja.

Nilienda na ile raba kwenye mfuko mpaka Nakuru, kule Rhonda, kwa fundi wa pampu mmoja. Alinipatia nyingine, lakini hakuniacha niondoke mpaka niifunge mbele yake na kuifungua mara tatu.

Kabla ya kumwona mwenyekiti, nilienda Ndabibi kumtafuta yule mama. Nilimkuta anapalilia viazi. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Mzee hakuikagua. Niliona haikojoi na nikakupakia na mtoto wako."

Aliendelea kupalilia mstari mzima. Mwishowe akasema, "Nilijua. Nilichongojea ni kama utakuja kusema." Akajipangusa mikono. "Nitapanda tena. Lakini kwanza niione ikikojoa."

Mwenyekiti aliniambia niifungue injini yote mbele ya watu wa ufuoni na kuirudisha. Nikafanya hivyo, hakuna aliyenisaidia na sikutaka. Nilipovuta kamba mara ya pili, ikawaka. Yule mama alikuja siku hiyo, akainama kuangalia maji yakitoka nyuma, akapanda.

Sasa kila jioni naisafisha kwa maji safi, na nikijua itakaa, naifunga petroli, naiacha iwake mpaka imalize iliyo kwenye kabureta na izime yenyewe. Naisimamisha wima, nafunika na shuka, sio nailoni. Jaketi ziko saba.

Nawashukuru wale wavuvi, na fundi, na mwenyekiti aliyenifukuza. Nawashukuru ninyi mliobisha hodi hata niliponyamaza. Yule mama wa Ndabibi sina neno la kumtosha.

Na kwenu mnaouguza: mimi nilimwosha mzee wangu, nikamlisha, nikamgeuza, na kwa mwaka mzima sikumuuliza chochote zaidi ya njaa na kiu. Nilidhani maneno yakiisha, akili nayo imeisha. Ukirudi nyumbani leo, mpelekee mgonjwa wako kitu cha kazi yake, uketi chini, umwombe akufundishe.