Historia ya Dada Yetu, Mtafiti wa Idara Nne

Ndugu, majirani na nyote mliofika, tunaomba utulivu wenu tuwasimulie habari za dada yetu, aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1979, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika nyumba iliyokuwa na kichuguu uani, ambacho alikichungulia hadi tukambandika jina la Kichuguu, naye akalipokea.

Alianza shule ya msingi Januari 1986, akamaliza sekondari mwaka 1998, na tarehe 25 Novemba 2011 akatunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti wa namna vichuguu vinavyovuta na kutoa hewa, mama akamtangaza daktari mtaa mzima, jirani mmoja akamletea goti lililovimba, na mtafiti wetu, kwa heshima, akalikanda.

Tangu hapo alizunguka akitafuta nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu, huku akiomba siku moja apate kituo cha kudumu. Idara ya wadudu ilimpa mkataba Machi 2012, ya fizikia ikampokea mwaka 2014, ya usanifu majengo mwaka 2017, ya afya ya jamii mwaka 2020, kwani hewa ni hewa popote, lakini watu wa wadudu walimwona mtu wa fizikia, wa fizikia wakamwona mtu wa wadudu, na saa ya chai kila upande ulidhani anakunywa na wenzake wa upande wa pili. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, na vitabu vyake viliishi ndani ya maboksi.

Alichumbiwa Agosti 2013 na mwalimu wa jiografia, mtu muungwana, harusi ikasogezwa kila mkataba ulipomhamisha, hadi mwalimu akachoka, akaoa kwingine mwaka 2018, na dada akapeleka zawadi mwenyewe. Hakujaliwa mtoto.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, wakati ombi lake la ajira ya kudumu likiwa limekwama, idara mbili zikisukumiana ni ipi imchukue, na hadi wiki ya mwisho alituuliza kama majibu yametoka, tukamwambia bado, na kweli yalikuwa bado. Alifariki tarehe 9 Februari 2023 asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Juzi tuliziomba idara zote nne zitoe mtu wa kusoma salamu za wafanyakazi wenzake, na kila moja, kwa upole kabisa, ikatuelekeza kwa nyingine, hivyo nafasi hiyo kwenye ratiba iko wazi, na imetuuma. Tunawaomba mliofanya naye kazi, hata kwa wiki moja, wa idara yoyote ile, tukifika kaburini msimame pamoja, kama wenzake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani waliotupikia na kutufagilia ua, na mwalimu wa jiografia, aliyekuja na mkewe kumwona.

Pumzika kwa amani, dada, huko tunakokulaza hakuna atakayekuambia mkataba umekwisha, uhame.