Lusubilo Swila, Fundi wa Bahari Kuu Aliyeficha Presha

Wachungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa hapa Mbebe na nyie mliopanda milima tangu alfajiri kutoka Tunduma, poleni na safari na poleni na msiba, mimi ni Jenista, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Nathanaeli Swila, nimesimama kusoma maisha ya mdogo wangu Lusubilo kwa niaba ya familia, au niseme kwa niaba ya nusu ya familia, maana nusu nyingine ilitaka asomwe na mtu mwingine, na asomwe vingine.

Lusubilo alizaliwa tarehe 14 Machi 1973, hapa hapa Mbebe, akiwa mtoto wa pili, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, hakuchaguliwa kwenda sekondari, kama wengi wetu enzi zile, basi mwaka 1989 baba akauza ng'ombe akampeleka Mbeya kujifunza kuchomelea vyuma, akamaliza mwaka 1991. Alikuwa mtoto mkaidi, jamani, ukimtuma maji mtoni atakwenda, lakini kwa njia anayoitaka yeye.

Mwaka 1992 alishuka Tunduma, biashara imeshafunguliwa, malori yanayokwenda Zambia na Kongo yamejipanga barabarani, na kila lori lina chasisi iliyopasuka, akapokelewa kwenye karakana ya mzee Sufiani, yule pale aliyevaa kofia, Mungu akubariki mzee wetu, umekuja kumzika Mkristo mlimani na miguu yako mibovu. Hapo alifanya kazi miaka mingi, akawa anachukua na vibarua kwenye matengenezo ya bomba la mafuta liendalo Zambia, ndiko alikojifunza kuunga mabomba, akafanya mtihani, akapata cheti.

Tarehe 28 Novemba 1998 alifunga ndoa na Teresia Sikanyika, mzaliwa wa Momba, huyu aliyekaa hapa kwenye mkeka, wakajaliwa watoto watatu, Brenda aliyezaliwa mwaka 2000, Brian mwaka 2003 na Amoni mwaka 2008, na wakajenga nyumba Tunduma, ambayo Teresia aliisombea maji ya kufyatulia tofali akiwa na mimba ya Amoni, na wapo majirani hapa waliomwona.

Mwezi Februari 2012 Lusubilo aliajiriwa na kampuni moja iliyokuwa ikichimba gesi bahari kuu, mbali na pwani ya Mtwara, akawa fundi wa kuchomelea kwenye meli ya kuchimba. Mtu wa mlimani huyo, hajui kuogelea, alifundishwa kwenye bwawa, akafungwa mkanda ndani ya kibanda cha mfano wa helikopta, akazamishwa kichwa chini ajifunze kutoka, akatupigia simu anacheka kwamba amekunywa maji ya kumtosha maisha yake yote. Alitueleza kuwa kule maji yana kina cha zaidi ya kilometa mbili, meli haitii nanga, injini zake ndizo zinazoishikilia juu ya kisima usiku na mchana, na kwa kuwa hakuna hospitali karibu, hawamruhusu mgonjwa kupanda, kila mwaka lazima mtu apimwe mwili mzima, akikutwa na kasoro anabaki nchi kavu.

Sasa nafika mahali ambapo nilishauriwa nisome kwamba marehemu aliugua ghafla. Hakuugua ghafla. Mwezi Oktoba 2013, alipokwenda kupimwa Dar es Salaam, alikutwa na presha ya juu sana, akaambiwa apumzike, arudi baada ya wiki mbili apimwe tena, naye akanunua vidonge dukani, akavimeza siku chache tu kabla ya kurudi, presha ikashuka, akapita. Akaona amepata dawa ya kazi. Tangu hapo alimeza vidonge kila anapokaribia kupimwa, akishapita anaviacha, na hakukanyaga tena hospitali yoyote, hata zahanati ya mtaani kwake Tunduma, kwa sababu alijiaminisha kwamba daktari yeyote akishaandika neno presha kwenye faili, kampuni itajua, na hatapanda tena helikopta. Teresia alimbembeleza, alimpigia magoti, naye akamwapisha asimwambie mtu, hata mimi, niliyekuja kuyajua haya wodini.

Mwezi Machi 2015, bei ya mafuta ikiwa imeanguka duniani, meli iliondoka, mafundi wakaambiwa nendeni nyumbani, gesi ipo, mtaitwa. Mtaitwa! Neno hilo ndilo lililomuua ndugu yangu, maana alirudi Tunduma akakaa kusubiri, akisikia redioni kwamba kitajengwa kiwanda cha kuchakata gesi huko Lindi anatabasamu siku nzima, mzee Sufiani alimwita karakanani akakataa, akasema moshi utamharibia kifua kabla ya kupimwa. Alikuwa anajitunza, ndugu zangu, hanywi, havuti, anakula kitunguu saumu na majani ya mlonge, mwili anautunzia kampuni, na mwili unaoza kwa ndani. Mwezi Agosti miguu ilivimba, akasema ni viatu, mwezi Septemba macho yakaingia ukungu, akasema ni vumbi la Tunduma, na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tarehe 2 Novemba alianguka bafuni akitetemeka, na aliyevunja mlango ni Teresia, aliyekimbia kuomba gari kwa mzee Sufiani ni Teresia, aliyelala kwenye sakafu ya wodi Mbeya hadi siku ya mwisho ni Teresia, na mimi nilikuwepo. Madaktari walisema figo zote mbili zimekufa, zimeuawa na presha ya muda mrefu. Mimi mwenyewe nilimsikia mdogo wangu, sauti imekwisha, macho hayaoni, amemshika daktari mkono, anamwomba asiandike presha kwenye faili, aandike malaria, kwa sababu huenda mwezi wa kwanza wakaitwa. Niliumia, nikashikwa na hasira, na mpaka sasa hasira hiyo sijui niipeleke wapi. Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Novemba 2015, saa kumi alfajiri, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Baba mdogo Watson, wewe ni mdogo wake baba, nakuheshimu, na nasema haya mbele ya jeneza kwa sababu jana kwenye kikao ulininyamazisha. Umetangaza kwa watu kwamba Teresia alimlisha mumewe sumu ili abaki na nyumba, na Ijumaa, maiti ikiwa bado Mbeya, umetuma vijana wakabadilisha kufuli Tunduma, nguo za watoto zimo ndani, hata Brian amevaa leo shati la kuazima. Nimewasomea alivyokufa. Sumu haipo. Iliyopo ni kazi ya bahari ambayo haikurudi, na mtu aliyeogopa kupimwa. Nakuomba, mzee wangu, kabla hatujafukia, umpe mjane ufunguo wake mbele ya hawa watu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, ambao wangeweza kumsaidia kama angekuja mapema, inawashukuru majirani wa Tunduma kwa jeneza na kwa chakula, mzee Sufiani kwa gari lililotuleta na maiti, wanakwaya, na mafundi wenzake watatu waliosafiri kutoka Mtwara, ambao nao wananiambia bado wanasubiri kuitwa, nendeni mkapimwe, baba zangu, nawasihi.

Naona baba mdogo ameinuka, anaelekea kwenye gari. Haya. Mwacheni aende, msimshike, hapa ni msibani.

Basi pumzika, Lusubilo, wewe umepata pa kulala, mkeo na watoto watalala kwangu leo, na kesho, na baada ya hapo sijui.