Bi Onja na Uzao wa Mti Mmoja

Tarehe 6 Juni 1958, siku ya baridi na manyunyu yasiyokatika, dada yetu alizaliwa, kifungua mimba wa karani wa posta na mshonaji wa nguo.

Alimaliza sekondari ya bweni mwaka 1976, akapata stashahada ya kilimo cha matunda mwaka 1980. Januari iliyofuata aliajiriwa katika kituo cha kuzalisha miche, alikofanya kazi hadi kustaafu. Wenzake walimwita Bi Onja, kwa sababu hakupitisha tunda bila kulionja, hata lililooza nusu.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi pampu wa kituo. Shemeji husimulia kwamba alipompelekea parachichi mara ya kwanza, marehemu alilipasua papo hapo, akatikisa kichwa. "Nyuzi nyingi, kokwa kubwa."

"Na mimi je?"

"Wewe bado uko kwenye majaribio."

Walijaliwa mabinti wawili.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchagua mti mama. Kituo kilikuwa na shamba la zamani la miparachichi ya kila aina: ya matunda makubwa, ya matunda kama yai, mingine michungu hata nyani haiibi. Mwaka 1996 alichagua mmoja uliozaa kuliko yote, na kwa agizo lake mingine iling'olewa ili kitalu kipanuliwe. Tangu hapo, kila mche uliotoka kituoni ulibebeshwa kikonyo, yaani kijitawi kilichokatwa kwenye mti huo mmoja na kuungwa juu ya shina lake. Wakulima walivuna vizuri, wakajenga, wakasomesha. Lakini mche wa kubebesha ni mti mama uleule, kwa nguvu zake na kwa udhaifu wake. Ugonjwa wa kukauka matawi ulipoingia mwaka 2014, haukukuta mti wa kuuzuia. Mabonde yalibaki vigogo vitupu.

Katika mkutano, mkulima mmoja alisimama. "Bi Onja, ile miti ya zamani iko wapi, tubebeshe hiyo?"

Marehemu hakumsingizia mkubwa wala mdogo. "Niliing'oa," alisema. "Mimi."

Toka siku hiyo alitafuta mparachichi wowote uliohimili ugonjwa. Mwaka 2019 alipatikana na saratani ya ini, naye akaendelea kutafuta kati ya matibabu. Mwaka uliofuata aliuona mmoja, wa kijani kibichi, nyuma ya karakana ya mchomeleaji, na mwenye karakana ameshashika shoka aukate.

"Mama, huo wa nini? Matunda yake wanakula popo tu."

"Basi popo wamekuzidi akili, mwanangu. Weka shoka chini."

Alikata vikonyo, akabebesha miche, akaagiza ipangwe katikati ya miti inayougua. Kama ingesalimika, wakulima wangepata pa kuanzia upya.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 19 Machi 2021, saa za mchana. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na wadogo zake wanne. Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.

Wengi mliokuja kutufariji mmeuliza kama alijua habari za ile miche. Alijua. Jumatatu ya wiki hiyo msaidizi wake wa zamani wa kitalu, aliyekuwa akiitunza, alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Miche yote ilikuwa imekauka. Mti wa karakana haukuwa sugu. Ulikuwa umekingwa na kuta, ugonjwa haujaufikia. Marehemu aligeukia ukutani, akakataa kula.

Shemeji alimwambia, "Mama watoto, sasa inatosha."

Asubuhi iliyofuata aliomba avalishwe viatu vya shamba, maana vidole vyake havikuweza tena kufunga kamba. Akabebwa hadi kwenye gari, akawekewa mto mgongoni, na shemeji akamzungusha mtaa kwa mtaa, polepole, huku marehemu akichungulia miparachichi kwenye nyua za watu.