Chupa Zilizofungwa Mpira

Marehemu Agapiti Budeba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, kijijini karibu na Runzewe, mtoto wa tatu wa Mzee Donatus na Mama Klara. Alimaliza darasa la saba mwaka 1986. Shuleni alisifika kwa kutotupa kitu; hata vipande vya chaki alivisaga akaviunganisha upya, na mwalimu akaandikia.

Tarehe 7 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Salome. Mwaka 2004 walihamia Kalangalala, akawa mwashi wa kutegemewa.

Mwaka 2019 alianza kutengeneza matofali ya kutandaza uani kwa chupa za plastiki. Aliziosha, akazikata na kuzianika, akaziyeyusha ndani ya pipa pamoja na mchanga, kisha akaushindilia uji ule kwenye kalibu. Tofali la kwanza lilipinda vibaya. Hakulitupa, alimkalisha Salome juu yake akamwita malkia wa pipa. Tangu siku hiyo Salome ndiye aliyekoroga.

Chupa alizozipenda zaidi zilitoka machimboni, vifuniko vimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Zilifika bila tope, naye kwa kubania maji ya kiangazi akaacha kuziosha. Wachimbaji hufunga mpira hivyo kwenye chupa za zebaki, ile ya kunasia dhahabu, isivuje. Kila mchimbaji alilijua hilo. Agapiti alikuwa mwashi, nasi ndugu zake hatukuuliza.

Mwaka jana alianza kumwaga chai. Tulimtania kwamba uzee umemuwahi, na leo utani huo unatuuma. Fizi zikavimba, usingizi ukamkimbia, mwiko wa uashi ukamshinda. Daktari alipouliza anayeyusha nini, ndipo tukajua habari ya zebaki na moshi wake wa sumu, tukiwa tumechelewa. Siku tatu kabla ya mwisho alimshika Salome mkono, akasema kwa shida, "Mama Edson, zile za mpira msipike tena." Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025.

Magunia kumi na manne ya chupa hizo yangali uani, na juzi tu, matanga hayajaanuliwa, mtu alikuja kuulizia pipa. Familia inaomba asirudi.

Marehemu ameacha watoto watatu, Edson, Eunice na Scolastika, wajukuu wawili, na mjane wake Salome. Asubuhi ya leo Salome alipewa kikombe cha chai, nusu ikamwagikia kanga yake. Hakuna aliyemtania.

Bwana ampe Agapiti pumziko la amani, na amwache Salome kwetu.